Arbantone Hadi Litungu: Hapo Ndio DJ wa Kitale na Bungoma Hujulikana

Cheki bango lolote la dunda lililobandikwa stage ya mathree Kitale ama Bungoma. Mara nyingi jina kubwa ni la DJ ametoka Nairobi, na picha yake imekula nusu ya karatasi. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusoma na tochi, ndio utapata maDJ wa mtaa. Wa Nairobi atapanda saa sita usiku, apige saa moja na nusu, achukue ganji ya maana na aingie gari. Wa mtaa watafungua saa mbili, watafunga alfajiri, na wakiwa na bahati watapata pesa ya nduthi na supu. Uliza promota mbona iko hivyo, atakuambia huyo mwingine ako na wafuasi.

Sawa, wafuasi wanaleta watu kwa mlango. Lakini wakishaingia na kulipa, mtu lazima awapigie. Na huku kwetu kuna mtihani mmoja wa mikono ambao DJ wengi wa jina hufeli mbele ya watu wote, na kesho yake hakuna mtu anaongea.

Mtihani wenyewe ni huu. Ni saa saba usiku, Bungoma. Vijana wa Kibabii wamejaa mbele na arbantone imewashika kisawasawa. Nyuma kuna meza ya wazee wamenunua vinywaji tangu saa moja na wamechoka kungoja. Mmoja anainuka, anaomba ngoma ya nyumbani. Anataka litungu, ama Wasike wa Musungu, ama Sukuma bin Ongaro. DJ afanye nini?

Wengi hubonyeza ile sauti ya king'ora, wananyamaza sekunde mbili, halafu wanaitupa tu. Vijana wanarudi kukaa. Wazee wanainuka, lakini mabega hayajapata joto, na kabla wapate, DJ ameogopa na kurudi arbantone. Amepoteza pande zote mbili ndani ya dakika tatu. Hiyo ndio tunaita kuua floo.

Shida ni hesabu, si roho mbaya. Gengetone na arbantone nyingi hukaa karibu na mapigo 100 kwa dakika. Amapiano iko 110 hadi 115. Hizo zinasalimiana bila kelele. Ngoma za Kibukusu zinakimbia zaidi kwa mbali, na nyingi huhesabika tatu-tatu, si nne-nne kama ngoma za mjini. Chukua turntable ya heshima kama Technics SL-1200: mkono wake wa kasi unaenda asilimia 8 juu au chini. Ngoma ya 100 ukiisukuma hadi mwisho inafika 108. Kama unakoenda ni 130, bado uko mbali, na sauti ya msanii imeanza kuwa ya katuni.

"Si abonyeze kile kitufe cha SYNC?" Hapo ndio ngori iko. Kitufe hicho kinasoma mapigo yaliyopangwa na kompyuta, yanayotembea sawa mwanzo hadi mwisho. Arbantone imetengenezwa hivyo. Sasa weka rekodi ya bendi iliyopigwa mubashara, litungu lenye nyuzi saba, sauti ya watu na njuga. Wachezaji wakisikia utamu wanakimbia kidogo, wakiimba ubeti wanatulia. Laptopu inachanganyikiwa, inaweka alama mahali hakuna pigo, na ngoma mbili zinaanza kukanyagana kama punda wawili kwa mkokoteni mmoja. DJ aliyezoea kitufe anabaki anaangalia skrini. Mwenye masikio anavaa hedifoni, anashika gurudumu na kuivuta kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka iingie.

Nimesikia maDJ wa mtaa wakifanya hii kitu vizuri hadi unashindwa kusema ngoma ilibadilika saa ngapi. Hawarukii. Kwanza wanatafuta daraja. Wanachukua kipande cha ngoma tupu, isukuti ama njuga, wanakifanya kijirudie juu ya arbantone bila kugusa kitu kingine. Kiuno cha vijana bado kinacheza nne-nne, lakini masikio yameanza kusikia tatu-tatu. Halafu wanatoa besi ya arbantone. Hii ni ya maana sana: besi mbili zikikutana kwa spika za kukodi, unasikia matope tu. Besi ikishuka, sauti za watu wa litungu zinaingia juu, kasi inapanda kidogo kidogo, kisha besi ya pili inafunguliwa mahali ubeti unaanza, si katikati ya neno. Wazee wakiinuka, vijana bado wako hapo. Dakika moja na nusu hivi ya kazi. Hakuna king'ora, hakuna kupiga kelele.

Na ukitaka kupima, usiangalie mikono ya DJ, angalia miguu ya watu. Wakisimama kutafuta pigo, daraja limevunjika. Wakiendelea bila kujua kama kuna kitu kimefanyika, huyo msee analipwa kidogo sana.

Kitale mtihani unabadilika. Trans Nzoia ni kaunti ya watu wote: Bukusu, Sabaot, Pokot, Turkana, Kikuyu, Kisii, wote kwa floo moja. Hapo ngoma za Kikale lazima, Sweetstar na Msupa S hawakosi. Kwa mikono hizo si ngumu, juu nyingi zimepigwa kwa kinanda na kompyuta, mapigo yametulia. Ugumu ni mpangilio. Ukipiga Kikale nne mfululizo saa tano usiku, nusu ya watu wanafikiri wamekosea sherehe. Ukizipima moja moja, utaambiwa umetuchukulia poa. DJ mzuri wa Kitale ni kama makanga wa stage hiyo: lazima ajue nani anashukia wapi.

Kuna kosa lingine la Nairobi linaniuma kwa roho, na ni la rhumba. Mtindo wa sasa ni kukata kila ngoma baada ya dakika moja. Kwa gengetone haina noma, "Lamba Lolo" ya Ethic ya 2018 ukipiga ubeti mmoja watu wameshapiga kelele. Lakini rhumba ya Kongo imejengwa tofauti. Kwanza hadithi, polepole, halafu magitaa yanafunguka, sebene. "Mario" ya Franco, ya 1985, inapita dakika kumi. Ukiikata dakika ya pili umewapea watu ugali ukaficha mboga. Khocha amevaa viatu vizuri amengoja sebene, wewe unampigia mlio wa bunduki. Kama huna muda, anzia sebene yenyewe. Si vigumu.

Sasa hawa wa mtaa walijifunzia wapi? Ukweli usiofurahisha: wengi kwa disco matanga. Serikali imezipiga marufuku huku magharibi tena na tena, sababu kubwa ikiwa mimba za wasichana wa shule na vurugu za usiku. Binafsi siwezi kutetea zirudi, gharama ililipwa na watoto. Lakini kwa kazi ya DJ zilikuwa shule kali. Unapiga jioni hadi asubuhi, jenereta moja, nyanya, chokoraa na mwalimu mkuu kwa uwanja mmoja, na ukikosea unajua hapo hapo. Shule imefungwa, na hakuna mtu alijenga nyingine. Kijana wa Chwele ama Kiminini leo anajifunza kwa video chumbani, ambapo hakuna mzee wa kumkataa.

Ndio maana seti ya kufungua isidharauliwe. Kupiga saa tatu usiku klabu ikiwa na watu ishirini ni ngumu kuliko saa saba ikiwa imejaa. Huwezi kuangusha ngoma kubwa zote, ukizimaliza mgeni wa saa sita hana kitu, na lawama ni yako. Unapandisha joto bila kuchoma. Huyo anayefanya hivyo kila Ijumaa, kwa saa tatu, ndiye anajua hii floo, na jina lake liko chini ya bango.

Agosti 2026 ni msimu wa tohara ya Bukusu, kama 2022 na 2024. Watu watarudi nyumbani kutoka Nairobi, Eldoret na Mombasa, vilabu vya Bungoma, Webuye na Kitale vitajaa, na kila meza itataka ngoma za nyumbani. (DJ, tafadhali: Sioyaye si ya klabu. Hiyo ni ya kijana ametoka mtoni asubuhi. Iache huko.) Kuna pesa msimu huo, na mabango yanapangwa mapema. Promota, kabla ulipe mtu juu ya wafuasi, mwambie akutumie dakika tano tu, zimerekodiwa mubashara, anatoka arbantone hadi litungu. Sikiza ukiwa umefunga macho. Wa mtaa akishinda, mpe saa sita usiku, na mgeni afungue saa mbili.