Tabia ya Mnyama Itangulie Sindano

Mtaalamu wa mifugo akifika zizini Igunga au Nzega, mkoani Tabora, swali la kwanza huwa amekuja na dawa gani. Mwenye ng'ombe anayekonda ana haki ya kuuliza hivyo, ila kuna hatua imerukwa. Kabla ya sindano upo ushahidi usiogharimu hata senti: yupi anabaki nyuma ya kundi, yupi ameacha kucheua, yupi hajongei majini na wenzake. Tabora inapaswa kulijua hili kuliko mikoa mingi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, wengi wa punda waliotoka nao pwani walikuwa wamekwisha kufa, na mbung'o wa mapori ya miombo ni sababu mojawapo iliyofanya mizigo ya misafara ile ilale mabegani mwa wapagazi. Leo punda wanavuta mikokoteni huko huko, na bado hawasomeki. Farasi akiumwa tumbo hugaagaa. Punda mara nyingi huinamisha kichwa na kuacha kula, basi. Mwenye mkokoteni huona uvivu, akaongeza fimbo.

Wapo watakaosema tabia si kipimo. Ni kweli kwamba nagana iletwayo na mbung'o na ndigana baridi zote humlegeza na kumkondesha ng'ombe, na damu chini ya hadubini ndiyo inayozitenganisha. Lakini ni tabia inayoonyesha damu ya nani ichukuliwe, tena mapema. Hata kipimajoto kinaihitaji, kwa kuwa ng'ombe aliyekimbizwa na kuangushwa kwa kamba hupanda joto bila homa yoyote. Na kichaa cha mbwa hakisamehe: ng'ombe anayetokwa udenda na kushindwa kumeza hudhaniwa amekwamwa kooni, mtu akaingiza mkono mtupu kinywani mwake. Laiti angeuliza kwanza kama mnyama huyo amebadilika, analia ovyo au anashambulia!

Hoja nzito zaidi ni kwamba wataalamu ni wachache na kata ni kubwa. Nani atakaa kutwa akitazama ng'ombe? Anayetazama yupo tayari. Ni mchungaji, mara nyingi kijana mdogo anayesimama pembeni wakubwa wakijadili bei ya dawa. Ndugu mtaalamu, muulize yeye kabla ya mwenye mali, na alichokiona kiandike daftarini juu ya jina la dawa.