JAHAZI HALIUAWI NA UZEE

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, lakini sisi wazaliwa wa Lamu tunaijua kwa mbao pia. Leo, wasomaji wapenzi, naomba kutoa maoni yangu kuhusu majahazi makuukuu yanayotupwa eti kwa sababu yanavuja. Mimi naonelea kwamba mengi hayauawi na uzee. Yanauawa na uvivu wa kutafuta mahali maji yanapoingilia.

Watu huogopa maji ya chini, yaani ya bahari. Kumbe adui mkubwa ni maji ya juu! Chumvi huzuia kuoza, lakini maji ya mvua yakipenya kwenye sitaha na kutuama juu ya mihimili, mbao huoza polepole bila mtu kujua. Wakati wa kaskazi jua hukausha sitaha, mbao zikanywea na mianya ikafunguka. Masika yakija, mvua inakuta mlango wazi. Ndiyo maana baharia mwenye busara huimwagia sitaha maji ya bahari, ili mbao zivimbe na kubanana.

Sasa jameni, tazameni tunavyofanya. Tone likianguka, mtu anapaka lami juu ya pale pale, kisha anajipiga kifua, "Nimemaliza!" Amemaliza nini? Maji hutambaa chini ya mbao, yakafuata mhimili, yakadondoka mbali na yalikoingilia. Lami ile huyafungia ndani tu. Na saruji je? Chombo kikiyumba mbao hunyumbuka, saruji hainyumbuki, basi inapasuka.

Dawa ni subira. Mmoja aingie chini na taa na chaki. Mwingine amwage maji juu kidogo kidogo, aanzie upande ulioinama akipanda, na angoje kila mara. Unyevu ukitokea, chaki! Hapo kalafati ya zamani ikwanguliwe, mwanya ukauke, kisha pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi au sifa ipigwe kwa patasi butu. Isipigwe kwa nguvu mno, la sivyo mwanya wa jirani utafunguka. Misumari yenye kutu nayo ing'olewe. Mipya izungushiwe pamba ya mafuta kabla ya kugongomewa.

Ami yangu ana jahazi lililobeba mawe ya Manda tangu kabla sijazaliwa. Wanunuzi wamekwisha fika, wanataka kulipasua wafanye meza na fremu za picha. Yeye asema limechoka. Kwa heshima zote, ami, limechoka au limesahauliwa? Kama mataruma yangekuwa yameoza hata kisu kinazama, nisingebisha. Lakini mkuku ni mzima, mataruma ni mazima. Sitaha ndiyo inayolia. Likiuzwa, mabaharia watakosa kazi, na karo yangu itatoka wapi?

Wapo watakaosema kalafati ni kazi ya walioshindwa na masomo. La hasha! Kutu, unyevu, mbao kunywea na kuvimba, si ndiyo sayansi tunayofundishwa maabarani? Naomba chama chetu kimwalike fundi wa Matondoni siku moja atufunze, nasi tuulize maswali. Kuvuja si kufa, wenzangu. Kinachoua chombo ni kukata tamaa kabla ya kukikagua.