Binti Yake Anafundisha Ulinzi



Mwezi uliopita, kisha ibada, baba mmoja alinifuata nyuma ya kanisa hapa Butembo. Ni mkristo wetu, anatumika kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Manguredjipa, alikuwa amepanda mjini kuona jamaa yake. Hakukawia kwenye salamu. "Pasta, uongee na ule mutoto. Nilimutuma ku masomo, sasa iko nafundisha mupira!"

Binti mwenyewe ninamjua, aliimba katika kwaya ya vijana. Yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha hapa mjini. Alicheza nyuma katika ekipi ya wasichana wa chuo hicho mpaka goti likamkatalia. Kocha mkubwa hakutaka kumpoteza, akamkabidhi wale wanne wa nyuma pamoja na golikipa. Hiyo ndiyo kazi yake sasa: kufundisha ulinzi tu.

Baba akaniuliza, "Yeye alishafungaka magoli ngapi?" Nikasema, sijasikia hata moja. "Basi anafundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Siku ya Jumatano nikaenda kiwanjani, nikakaa juu ya jiwe. Nilimkuta amefunga wasichana wanne kwa kamba moja kiunoni. Mmoja akienda kushoto bila wenzake, kamba inawavuta wote, wanaanguka wakicheka. Baada ya nusu saa walikuwa wanatembea kama mtu mmoja. Kisha akaondoa kamba, na kamba ikabaki ndani ya vichwa vyao. Maneno yake yalikuwa machache: usijitupe, msukume pembeni, sema! Hilo la mwisho alilirudilia zaidi. Mlinzi anayenyamaza, aliniambia, ni hatari kuliko mlinzi asiyejua mbio.

Wengine mtadhani hiyo si kazi ya kweli. Huko Marekani kuna mchezo unaitwa lacrosse, wanabeba mpira katika kifuko cha wavu juu ya fimbo. Ulitoka kwa wenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini. Wasichana walianza kuucheza shuleni St Leonards, huko Scotland, mwaka wa 1890. Majirani zetu wa Uganda walipeleka ekipi ya wanaume katika mashindano ya dunia ya mchezo huo, Denver, mwaka wa 2014. Basi katika vyuo vingi vya Marekani, ekipi ya wasichana ina kocha mkubwa, na chini yake mtu anayelipwa kwa ajili ya ulinzi. Mara nyingi ni mwanamke aliyecheza mwenyewe, akaanza kama msaidizi mdogo, akahama chuo hiki mpaka kile, na pengine siku moja akapewa ekipi nzima. Na ulinzi wao ni wa akili. Msichana haruhusiwi kumgonga mwenzake kwa mwili, wala kusimama mbele ya lango zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu wa karibu anayemchunga. Vitu kama hivyo havijulikani bila mwalimu.

Lakini nilipomweleza baba haya yote, aliniangalia tu. Marekani ni mbali. Nikamwuliza yeye ana kazi gani shimoni. Akasema, "Mimi ni mutu wa miti." Yaani ndiye anayepanga miti ndani ya shimo ili udongo usiwaangukie wenzake. Nikamwuliza, wewe umetoa gramu ngapi za dhahabu mwaka huu? Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Nikamwambia pia habari ya Mazembe, maana hakuna mchimbaji asiyeijua. Ekipi hiyo ilianzishwa na watawa Wabenedikto huko Lubumbashi mwaka wa 1939 kwa ajili ya wanafunzi (sisi Waprotestanti tuwape Wakatoliki haki yao hapo). Tarehe 23 Novemba 2024, wanawake wa Mazembe walichukua kombe la Afrika la vilabu, huko El Jadida, Moroko, mbele ya AS FAR ya Moroko yenyewe. Matokeo ni moja kwa sifuri. Goli lilikuwa moja tu. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mlango. Na kocha wao alikuwa mama, Lamia Boumehdi, mzaliwa wa Moroko. Mwezi wa Desemba mwaka uleule alipewa tuzo ya kocha bora wa ekipi za wanawake Afrika nzima.

Baba akanyamaza. Halafu akatoa lile lililokuwa moyoni tangu mwanzo, wala halikuwa mambo ya magoli. Jamaa yake ilikimbia upande wa Beni kwa sababu ya mauaji yaliyoanza mwezi wa Oktoba 2014. Toka wakati ule, giza likiingia na mtoto mmoja hajafika, yeye hawezi kukaa kitini. Akiwa machimboni ni mbaya zaidi, maana simu haishiki. Tena akasema, kwa sauti ndogo, alisikia habari za makocha wanaume na wasichana.

Hapo sikumhubiria. Ana haki. Nilimwambia jambo moja tu: hofu hiyo ya pili ndiyo inayonifanya nitake binti yake abaki pale, ili wadogo wawe na mama wa kumwambia neno kabla halijaharibika. Ninajua ninachosema. Miaka iliyopita wasichana waliniomba kiwanja cha paruwasi nikawakatalia, nikisema kukimbia na kaptura si adabu. Walikwenda kucheza mbali, kwa mtu ambaye hakuna mzazi aliyemjua. Mmoja wao aliacha masomo, na sababu ninaijua. Sijamwomba radhi bado. Katika Nehemia sura ya 3, mstari wa 12, Shalumu anajenga ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Mstari ule nilikuwa ninaupita haraka.

Tulipatana hivi. Mazoezi yamehamia kiwanja cha paruwasi, yanaisha saa kumi, na wanarudi kwa makundi. Mshahara hakuna, hilo sikumficha. Kocha mkubwa anatoa pesa ya sabuni akipata.

Kabla ya kurudi Manguredjipa, baba alikuja kuangalia mara moja. Alisimama mbali, mikono nyuma. Mwishoni akamwita binti, akamwonyesha msichana wa kushoto: "Ule pale anaacha nafasi nyuma yake."

"Nimemwona, papa," akajibu. "Kesho ninamurudisha ku kamba."