MASHAURI YA NYUMBANI: Bawabu Mdogo wa Kifuniko

Wasomaji wapenzi, juma hili nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo, ambacho pengine chafichika katika kiganja cha mtoto, nacho chaweza kuisimamisha mashine nzima. Kitu hicho ni swichi ya kifuniko. Imo katika mashine ya kufulia nguo, imo katika friji, imo katika maikrowevu, na kompyuta mpakato nayo ina kitu cha namna hiyo. Wengi wetu hatujui kwamba ipo mpaka siku ile mashine inapokataa kazi. Hapo ndipo twaanza kuipiga makofi, na kumlaumu aliyetuuzia.

Swichi hii ni kama bawabu mlangoni. Kifuniko kikifungwa, huruhusu umeme upite, kikifunguliwa, huukata. Hana akili nyingi, ajua mambo hayo mawili tu. Lakini kazi yake ni kubwa, maana amewekwa pale alinde mikono yetu.

Nitawasimulia lililonipata mimi mwenyewe, ijapokuwa naona haya kidogo. Nyumbani kwangu tuna mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Jumamosi moja pipa la kufulia lilifanya kazi vizuri, lakini lile la kukamulia likanyamaza kimya. Nikamwita fundi wa mtaani. Akafungua, akatazama, akaniambia, “Mwalimu, swichi ya kifuniko haigusi. Nikitafuta kifaa, itachukua siku mbili tatu. Au niunganishe nyaya moja kwa moja, iwake sasa hivi?”

Nguo zilikuwa zimejaa beseni mbili, na mawingu yalikuwa yametanda. Nikajibu, “Unganisha tu, bwana.” Haikupita robo saa, pipa likaanza kuzunguka. Nikamlipa, tena nikamsifu.

Juma la tatu baada ya hayo, nilikuwa uani naanika mashuka. Mara nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kugeuka, namwona binti yangu wa miaka minne amesimama juu ya kigoda, kifuniko amekiinua, pipa bado lazunguka, naye anyosha mkono kutaka gauni la mwanasesere wake. Nilitupa shuka chini nikamnyakua. Hakuumia, twashukuru. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Yafaa mjue sababu ya harufu ile. Katika mashine za namna hii, kifuniko kikiinuliwa hutendeka mambo mawili kwa pamoja: swichi hukata umeme, na breki hulishika pipa lisimame. Kwangu breki ilishika, lakini mota haikuwa na wa kuizuia, ikazidi kusukuma. Na pipa hilo, likiwa katika mwendo wake, huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika moja. Nguo iliyolowa ikijiviringisha mkononi mwa mtu mzima yaweza kumvunja mfupa, sembuse mkono wa mtoto.

Nilimlaumu fundi siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyejibu.

Tukaichunguza mashine tena, mimi na fundi yule yule, safari hii bila haraka. Na mwajua tuliona nini? Swichi yenyewe ilikuwa nzima kabisa! Kilichovunjika ni ule ulimi wa plastiki ulio chini ya kifuniko, unaoibonyeza swichi. Sisi tulikuwa na desturi ya kutua ndoo ya maji juu ya kifuniko hicho. Tukapata kifuniko kizima kutoka mashine kuukuu iliyokwisha kufa, tukakifunga, na nyaya zikarudishwa mahali pake. Mpaka leo yafanya kazi.

Basi, ndugu msomaji, mashine yako ikikataa kukamua, usianze kwa kuunganisha nyaya. Fuata njia hii.

Kwanza, angalia kama umeme upo. Pipa la kufulia likizunguka, umeme upo, na ubaya uko upande wa kukamulia peke yake.

Pili, sikiliza. Mota ikinguruma bila pipa kuzunguka, swichi haina kosa, maana umeme umekwisha kupita. Huenda kapasita imechoka, au breki imeganda, au soksi imeponyoka ikaingia chini ya pipa. Soksi moja tu yatosha kuleta taabu hiyo. Lakini kukiwa kimya kabisa, shuku kifuniko, au saa ya kukamulia, au waya uliokatika. Panya nao wapenda sana kuingia chini ya mashine na kutafuna nyaya, basi wasisahauliwe.

Tatu, tazama kifuniko. Je, chafunga sawasawa? Nguo zikijaa mno huinua kifuniko cha ndani, na cha juu hakilali vema. Punguza nguo, uzishindilie chini, ujaribu tena. Kisha tazama ulimi wa plastiki kama haukuvunjika au kupinda, na kama povu la sabuni halikukauka pale likawa kama chokaa. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu huondoa uchafu huo.

Nne, kama hayo yote ni mazuri, chomoa plagi ukutani kabla ya kugusa kingine chochote. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kisha mwite anayejua afungue nyuma ya mashine. Mara nyingi ataona bamba mbili nyembamba za shaba ambazo hugusana kifuniko kikifungwa. Zikiwa nyeusi, msasa laini huzisafisha. Zikiwa zimepinda, hunyoshwa. Akiwa na mita ya umeme, atapima: kifuniko kikifungwa mita ioneshe njia ipo, kikifunguliwa ioneshe njia imekatika. Swichi inayoonesha jambo moja wakati wote ndiyo mbovu, nayo hubadilishwa kwa nyingine ya namna ile ile.

Wenye mashine za pipa moja zinazojiendesha zenyewe, ninyi mna msaada zaidi. Baadhi ya mashine hizo huandika kwenye kioo herufi dE, yaani mlango haukufungwa au swichi yake haikuitikia. Chomoa plagi, ngoja dakika chache, funga kifuniko vema, ujaribu tena. Ikirudia, kitazame kifuniko kama nilivyoeleza.

Sasa friji. Swichi yake ni ile chuchu ndogo ukutani mwa mlango. Taa isipowaka, ibonyeze kwa kidole na kuiachia mara kadhaa, kwani pengine imeng’ang’ania kwa mafuta ya chakula. Ubaya wa kinyume ni mkubwa zaidi, nao hauonekani: taa kuendelea kuwaka mlango ukiwa umefungwa, ikitia joto ndani na kula umeme bure. Utajuaje? Weka simu yako ndani ikiwa yapiga picha za video, funga mlango kwa dakika moja, kisha utazame. Picha ikiwa giza, usiwe na wasiwasi.

Kompyuta mpakato haina chuchu ya kubonyezwa. Katika kifuniko chake mna sumaku ndogo, na chini mna kihisi kinachoitambua sumaku hiyo. Vihisi vingi vya namna hii vyatumia jambo lililogunduliwa na Edwin Hall huko Marekani mwaka 1879, la jinsi sumaku inavyougeuza umeme unaopita katika bamba. Basi kompyuta ikizimika kioo ghafula nawe waandika, usikimbilie kusema ina virusi. Tazama kwanza bangili yako, au kifuko cha simu chenye sumaku ulichoweka karibu na kibodi. Hata kuiweka juu ya kompyuta nyingine kwaweza kuilaza usingizi. Iondoe hapo, itaamka.

Nimeacha maikrowevu mwisho makusudi. Hii usiifungue kamwe, hata kama una bisibisi nzuri na moyo mkuu. Kapasita yake yaweza kushika umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, nao huua. Wewe kazi yako ni kufuta mlango na ndoana zake, na kuangalia kama hazikuvunjika. Mlango ule huwa na swichi zaidi ya moja. Marekani, tangu Oktoba 1971, sheria yataka pasipungue mbili, ili mawimbi yasitoke nje mlango ukiwa wazi. Na mara nyingi huwekwa nyingine ya kuzisimamia: wenzake wakishindwa kukata umeme, yeye huiunguza fyuzi makusudi. Basi fyuzi ikiungua kila ufunguapo mlango, usitie fyuzi mpya na kuendelea kupika. Fyuzi haina kosa, yatoa taarifa tu. Mpelekee fundi wa vyombo hivyo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Swichi ya kifuniko ni mwiba wa namna hiyo. Yatukasirisha kwa sababu yatuzuia tulipo na haraka, nasi twaiona kuwa adui. Lakini fundi akikuuliza kama auunganishe waya, umjibu, “La, bwana, tutangoja kifaa.” Nguo mbichi zitakauka kesho. Na kama swichi yako ilikwisha kuunganishwa siku nyingi, na mashine bado yaenda vema, nakusihi usingoje harufu ya mpira. Jaribu leo: simama mbali kidogo pipa likizunguka tupu, watoto wakiwa nje, uinue kifuniko. Lisiposimama upesi, chomoa plagi, na lisitumike tena mpaka lirekebishwe.

Kigoda kile nimekihamishia jikoni. Na ndoo ya maji sasa yakaa sakafuni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea habari ya pasi zinazoungua nyaya. Kwaherini.