Dada Dalali, Nyumba za Watu Ni Amana



Msimu wa harusi ukiingia, mazungumzo yetu huwa ni hina, magauni na ukumbi. Nyumba ya kuanzia maisha huzungumzwa mwisho, na ndiyo inayokula fedha nyingi. Hapa Unguja wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Akiba ya watu wawili inaondoka siku moja, na aliyewashika mkono ni dalali.

Tunafurahi kuona wanawake wanaingia katika kazi hii, maana tunawahitaji. Mwanamke hana raha kuzungushwa kwenye vyumba vitupu na mwanamme asiye maharimu wake. Tena dada mwenzetu anajua kuuliza ya ndani: maji yanatoka saa ngapi, nguo zitaanikwa wapi bila kuonekana na wapita njia, umeme wa tukuza ni wenu peke yenu au mnachangia na jirani.

Lakini kuwa mwanamke peke yake hakutoshi. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa wafanyabiashara wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakiitwa "samasira", yaani madalali. Mtume akawapa jina zuri zaidi, kisha akawausia kuwa biashara huingiwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Viapo, dada zetu! Mara ngapi tumesikia, "Wallahi shoga, nyumba hii ina watu watatu wanaigombea," na hao watatu hawapo?

Kwa maoni yetu, dalali mwema huanza kwa kusema aibu ya nyumba kabla ya uzuri wake. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe unaopukutika chumvi, rangi mpya haiuponyi. Paa linalovuja halionekani Januari. Huonekana masika, na hapo kodi imeshalipwa. Wapo wanaosema, "Nikitaja hayo nitamkosa mteja." Huenda ukamkosa leo. Lakini mji wetu mdogo. Bi harusi uliyemwambia kweli ana wifi, ana shoga, ana mama mdogo, na jina lako litatajwa kwa wema katika kila shughuli. Uliyemdanganya naye anao haohao.

Pili, ujira usemwe mapema. Kama kuna nauli ya kuonyesha nyumba, itajwe kabla ya kutoka nyumbani. Kumzungusha mtu kwenye nyumba uliyokwishajua imepangishwa, ili upate nauli tu, ni kula mali ya mtu kwa batili. Na kama mwenye nyumba naye anakulipa, mteja ajue, ili aelewe unasema kwa niaba ya nani.

Tatu, tunza siri. Dalali huona mengi: nani ameachwa, nani anauza kwa deni, bwana harusi ana uwezo gani. Kumnong'oneza mwenye nyumba kuwa "mume yuko Oman" ili kodi ipande ni khiyana. Na mjane au aliyeachika akija kutafuta chumba, asihojiwe kama mshitakiwa. Muulize anataka vyumba vingapi na ana uwezo gani, basi. Akikataliwa kwa sababu hana mume tu, dada dalali ndiye wa kumsemea kwa mwenye nyumba. Hiyo nayo ni sadaka katika kazi yako.

Na sisi wateja tusijitoe. Kuna wanaoonyeshwa nyumba, wakaipenda, kisha wakarudi kwa mlango wa nyuma kupatana na mwenye nyumba ili dalali asipate kitu. Jua lilimuwakia yeye, miguu ilimuuma yeye. Haki ya mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka, na nyumba iliyopatikana kwa dhulma tunaitarajia baraka ipi?

Kabla ya kutoa fedha, andikianeni: kiasi, muda, nani atatengeneza kikiharibika. Aya ya deni katika Suratul Baqara imetufunza kuandikiana, wala si dalili ya kutoaminiana.

Allah awape mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu, na madalali wetu riziki ya halali. Amin.