Nyavu Zikianikwa, Tukae Baraza

Ndugu zangu wa Kashikishi na Kabuta, wa visiwani Kilwa na Isokwe, nanyi wa ng'ambo mnaovuka na mizigo yenu kila wiki, nina ombi kwenu.

Alfajiri moja nilimkuta mama mmoja mwaloni Kashikishi akitandaza chisense, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga. Alikuwa akiwapapasa kwa kiganja ili wasishikamane, na simu ameichomeka kwenye kilemba, inasoma habari. Nikamuuliza wanasema nini. "Wanasema Kongo." Kongo ipi, mama? Hakuinua macho. "Ya Goma. Si hii yetu." Na Kongo hii yetu ilikuwa mbele yake, pale maji yanapokutana na anga, ndiko ulikotoka mtumbwi uliomletea ndoo ya pili ya samaki.

Jibu lile limenikaa. Redio inatuletea mazungumzo ya Washington kuhusu Kongo hiyo na bei ya shaba ya London, na ni vizuri tuyajue. Lakini nani anazungumza ya Ziwa Mweru letu? Mwaka wa uchaguzi wanakuja makada na vipaza sauti. Wakiondoka, tunabaki kunong'ona kwenye vibanda vya chai.

Ninachowaomba ni hiki. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia, nyavu zikiwa juu na mitumbwi imelala, tukae baraza kila Jumapili alasiri baada ya ibada. Chini ya miembe, hadharani, mwenye la kusema aseme, na yaandikwe. Miezi mitatu ile tumezoea kuihesabu kama miezi ya njaa na madeni. Lakini ndiyo miezi pekee ambayo mvuvi, mchuuzi na mwenye mtumbwi wote wako nchi kavu.

Msidhani naleta jambo dogo. Kumbukeni Kilwa ya ng'ambo, Oktoba 2004. Kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji ule, jeshi la Kongo likaja kuukomboa, na zaidi ya watu 70 wakauawa. Waliobahatika walikimbia, wengine kwa mitumbwi wakaja huku kwetu; wako kati yenu waliowapokea, waliotoa blanketi na ugali. Mgodi wa Dikulushi ulikuwa karibu, wa kampuni ya Anvil Mining, na magari yake yalitumiwa na wanajeshi. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri ya serikali. Shaba na fedha ya mgodi ule ilivushwa ziwa kwa kivuko ikapandishwa malori upande huu. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Katanga iliwaona washtakiwa hawana hatia katika mashtaka ya mauaji yale. Ikabidi shauri lifike kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, na uamuzi wake uliotangazwa mwaka 2017 ukaibebesha Kongo lawama, ukaagiza wahanga wanane walipwe dola milioni 2.5, na miili ifukuliwe izikwe kwa heshima.

Sasa niulize. Kati ya sisi tuliopokea wakimbizi wale, wangapi walijua siku ile kwamba Banjul imeamua? Mimi nilichelewa kujua, na ninaona uchungu kukiri. Watu wa mbali walikusanya ushahidi, wakauandika, wakausimamia miaka mingi, nao wanastahili shukrani. Lakini mashahidi walikuwa hapa. Waliona mitumbwi ikifika, wakasikia nani hakupata nafasi. Mengi ya hayo yanazeeka pamoja na wenyewe, na kila mazishi yanaondoka na sehemu yake.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Mpaka huu ulichorwa mwaka 1894 kati ya Waingereza na Kongo ya Leopold, ukaiacha Kilwa ya kisiwani upande wa Waingereza, na leo kuna Kilwa mbili, moja Zambia na moja Kongo. Samaki hawakuulizwa. Kila msimu wa kufunga uvuvi, mvuvi wa huku analalamika kwamba anakaa na njaa wakati taa za ng'ambo zinawaka usiku, na mvuvi wa kule ana malalamiko yake juu yetu, ambayo hatujawahi kukaa kuyasikia. Wazee wanasimulia samaki waitwao mpumbu walivyojaa mto Luapula hadi maji yakabadilika rangi. Walivuliwa bila kiasi wakati wa ukoloni, wakaisha, na mpaka leo hawajarudi kama zamani. Hatujapata bado mahali ambapo watu wa pwani zote mbili wanakaa na kuulizana ni miezi gani tuwaache samaki waitwao pale, na chisense, wazaliane kwa pamoja.

Najua hofu iliyopo. Mtu ataniambia, "Kaka, tutapata wapi kibali?" Sikilizeni kwa makini hapa. Christine Mulundika na wenzake saba walishtakiwa kwa kukusanyika bila kibali, na Januari 1996 Mahakama ya Juu ya Zambia ikaamua kwamba kumlazimisha raia aombe kibali kunakwenda kinyume na Katiba, ibara ya 20 ya uhuru wa maoni na ya 21 ya kukusanyika. Ndipo ikabaki taarifa ya siku 7 kwa polisi. Taarifa ni barua: tarehe, mahali, saa, majina ya waandaaji. Nimesikia hata watu wazima wakiendelea kusema "kibali" miaka 30 baadaye, na neno hilo peke yake linatosha kuwarudisha nyumbani. Kwa ndugu wa Kongo, ibara ya 26 ya Katiba yao ya 2006 nayo inataka mamlaka iarifiwe kwa maandishi. Basi tuandike barua, tuipeleke boma mapema, tubaki na nakala yenye mhuri.

Wengine watasema kuna simu, tutafungua kundi. Kundi ni zuri, lakini Agosti 12, 2021, siku ya kupiga kura, WhatsApp ilizimwa nchini, na ilibidi Mahakama Kuu iamuru kesho yake irudishwe. Na tangu sheria za mtandao zilipotiwa saini Aprili 2025, nawaona watu wakiandika sentensi, wakaifuta. Mwembe hauzimwi.

Lugha isitutenge. Kibemba kitatosha kwa wengi, Kiswahili kwa wengi, na wako wenye vyote viwili. Katiba ya Kongo inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha za taifa. Huku kwetu kimekaa sokoni bila cheo, ila kinauza na kununua. Walioletwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu 2018, maelfu waliokimbia vita vya Katanga na Tanganyika, wanakisema nyumbani, na watoto wao wanajifunza Kibemba uwanjani. Waalikeni. Wana habari za mwenendo wa dunia kuliko wengi wetu, kwa sababu uliwapita juu ya vichwa.

Na chai? Hapa nashika msimamo: asilipe mgombea wa chama chochote. Akija, akae mkekani, asikilize, aulize kama mwenzake. Chai tuchangie wenyewe, hata kwa kikombe cha sukari kila nyumba. Meza ya mtu huwa na masikio yake.

Awepo mwandishi wa zamu, mwanamke na mwanamume wakipokezana, wenye daftari moja lisilotoka mwaloni. Yanayohitaji jibu la serikali tuyapeleke kwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa, iliyotiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika mwaka 2024. Tuanze na swali rahisi: fedha za ushuru wa mwalo wetu zinakwenda wapi?

Jumapili ya kwanza ya Desemba nitakuwepo saa 9 alasiri, na daftari, na nakala ya barua ya polisi. Mama yule wa chisense nimemwomba aseme wa kwanza. Amekubali, ila amesema atakuja na samaki wake aendelee kuwachambua.