Kompyuta ikidai deni, nani atoe ushahidi?

MFANYABIASHARA wa korosho mkoani Mtwara hapati fedha sawa kila mwezi. Minada ikifunguliwa Oktoba mzunguko ni mkubwa; ikifika Aprili anaishi kwa akiba. Kompyuta inayogawa mauzo yake ya mwaka kwa 12 hailioni hilo. Humhesabia mapato hata ya Aprili, na asipoonyesha kitu mwezi huo, huonekana ameficha.

Kosa la aina hiyo limekwisha kuitia hasara serikali moja. Kuanzia mwaka 2015 Australia ilitumia mpango uliojulikana kama Robodebt kuwadai watu waliopokea misaada ya serikali. Kompyuta ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka idara ya kodi na kuyagawa sawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Aliyefanya kazi nusu mwaka na kukosa kazi nusu iliyobaki alihesabiwa kuwa alikuwa na mapato mwaka wote. Barua ya deni ikatumwa, naye akatakiwa kutafuta hati za mishahara ya miaka iliyopita ili ajitetee.

Novemba 2019 Mahakama ya Shirikisho ilitamka kuwa deni lililokokotolewa hivyo halikuwa halali. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurejesha dola za Australia milioni 721 kwa madeni yapatayo 470,000, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Julai 2023 iliukosoa vikali mpango huo.

Hatusemi kompyuta zing'olewe maofisini. Wafanyabiashara wengi wanajua kwamba mashine haiombi chai, wala haitafuti faili ikalikosa. Tatizo la Australia lilikuwa kumwondoa ofisa wa kukagua hesabu kabla ya barua kutoka, na kumtwisha mdaiwa mzigo wa ushahidi.

Hapa nchini taarifa za mauzo zimekuwa zikikusanywa kwa mashine za EFD tangu mwaka 2010. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamruhusu mwananchi kuomba kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Kenya ina kinga inayofanana na hiyo katika sheria yake ya mwaka 2019. Hizo ni hatua nzuri, lakini haki ya kuomba haimsaidii asiyejua kuwa aliyeamua ni kompyuta.

Mtaji nao hausubiri. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliweka sharti kwamba anayepinga makadirio alipe kwanza kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kinachozidi kati ya hivyo, isipokuwa Kamishna akimpunguzia au kumsamehe. Tuchukue mfano wa makadirio ya shilingi milioni 30 ambayo mfanyabiashara anayapinga yote. Milioni 10 zinatoka dukani kabla hoja yake haijasikilizwa. Kwa mwenye duka la kawaida hizo ni bidhaa za msimu mzima. Hata akishinda baadaye, msimu umekwisha pita.

Kwa hiyo Serikali haina budi kuweka masharti manne. Barua ya deni ieleze kama hesabu imefanywa na kompyuta, na imeifanyaje. Ofisa aikague na kuitia saini kabla haijatumwa. Pale ambapo hesabu ni ya wastani tu, theluthi isidaiwe mpaka mauzo halisi yakaguliwe. Na kila mwaka itangazwe ni madai mangapi ya kompyuta yalifutwa baada ya kupingwa.

Ofisa wa kukagua ana gharama, lakini Australia ililipa zaidi kwa kutokuwa naye. Vyama vya wafanyabiashara vipeleke masharti haya Hazina mapema, kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujafika bungeni Juni.